Feni Mbili za Shemeji Royce

Shemeji yangu Royce hajawahi kutengeneza kitu kikabaki kimetengenezwa. Bomba la jikoni alilitengeneza, likahamishia uvujaji chumbani. Mlango wa banda aliunyoosha, na tangu siku hiyo tunauinua kwa mabega ili ufunguke. Lakini mkute asubuhi mgahawani, kikombe cha kahawa mkononi na kofia imesogezwa nyuma ya kichwa, utadhani magari yote ya Arizona yaliundwa kwa ushauri wake. Mdogo wangu Corliss aliolewa na mtu huyo kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, na mimi nilisimama pembeni nimeshika maua kama mjinga.

Baba yetu alipofariki alimwachia Corliss pikapu yake ya zamani na farasi jike aliyeitwa Juniper. Mimi nilipata nyumba, hii tunayoishi wote watatu, na sikulalamika. Juniper alikuwa mzee, rangi ya mdalasini, na alikuwa na tabia ya kuweka kidevu chake begani kwa Corliss na kusinzia hapo. Corliss hakujaliwa mtoto. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila ujue kwamba ukimgusa farasi yule umemgusa yeye.

Sasa, ile pikapu. Mbele ya injini yake palikuwa na feni moja kubwa ya chuma, inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Ilikuwa na klachi yake: injini ikiwa baridi, feni inajivuta tu, injini ikipata moto, klachi inashika, na feni inanguruma mpaka mbwa wa jirani anajibu. Kuizunguka palikuwa na kava pana, kwa hiyo hewa yote iliyovutwa ilipita kwenye rejeta nzima, ile inayopoza maji ya injini, kona hadi kona. Baba alivuta matrela ya ng'ombe kwa feni hiyo miaka na miaka kupanda mlima wa kwenda mjini Kingman, na huko bondeni kwetu kando ya Mto Colorado mwezi Julai hata mjusi hutafuta kivuli. Injini haikuwahi kuchemka.

Royce hakuipenda. Alisema inapiga kelele, hasikii redio yake.

"Shemeji, ile feni ya mzee ni mzigo," aliniambia siku moja uani, huku amefungua boneti na kuinama ndani kama mtu anayeelewa anachokiona. "Inakula nguvu ya injini saa zote. Ya umeme haili kitu. Inawaka ikihitajika, inazima isipohitajika. Dunia imeendelea."

"Huo umeme unatoka wapi? Mbinguni?"

"Kwenye alteneta."

"Na hiyo alteneta inazungushwa na nani, kama si injini ile ile?"

"Aa, shemeji Oleta, wewe shona mapazia yako."

Tena sisemi feni ya umeme ni kitu kibaya. Binamu yetu anayo kwenye gari lake la mjini, feni nzuri yenye kava kamili, nyaya nene na alteneta ya kutosha, na akisimama kwenye taa nyekundu injini yake inapoa kuliko ya mtu mwingine yeyote barabarani. Mtu anayekwenda posta na kurudi, feni hiyo inamfaa sana. Mtu anayevuta trela lenye mnyama hai kupanda mlima kwenye jua la jangwani anahitaji kitu kingine, na kama atataka cha umeme basi anunue kikubwa chenye nguvu na akifunge kama mtu mzima. Hilo Royce angeweza kuambiwa na yeyote. Tatizo lake ni kwamba haambiki.

Yeye alinunua feni mbili nyembamba za gari dogo kwa sababu zilikuwa na rangi nyekundu. Nyekundu! Nilimuuliza kama injini ina macho.

"Nguvu ni ile ile," akasema.

"Kava liko wapi?"

"La nini? Zinakaa juu ya rejeta yenyewe."

Na kweli alitaka kuzikaza pale kwa vifungo vya plastiki, vile vya kufungia nyaya, avipitishe katikati ya rejeta ya baba. Nilimwita Corliss atoke nje. Alikuja na taulo begani, mikono ina unga wa biskuti.

"Pikapu ni yako," nikamwambia. "Hii ya mzee iko hapa, na vile vidude vyake viko pale. Chagua."

Corliss alitazama feni ya chuma, akatazama zile nyekundu kwenye boksi lake, kisha akamtazama mumewe. Royce alikuwa amesimama mikono kiunoni, uso umeng'aa, anasubiri kupewa. Mimi niliona kabisa anachopima mdogo wangu, na hakikuwa hewa ya rejeta.

"Mwache ajaribu, dada," akasema. "Akishinda hiki kimoja tu, labda atatulia."

"Hatatulia. Atanunua taa."

"Mwache."

Basi akaachwa. Feni ya baba ilifunguliwa ikatupwa nyuma ya banda na kava lake, na zile nyekundu zikafungwa kwa plastiki. Zikawa zinapuliza viduara viwili, na sehemu yote iliyobaki ya rejeta ikawa inakaa bure. Jioni hiyo Royce alizunguka mtaa mzima akiwa ameshusha vioo, ili watu wasikie jinsi injini isivyosikika. Wiki iliyofuata alinunua taa.

Hapa inabidi niseme jambo moja kuhusu wanaume wa bondeni kwetu, maana bila hilo mgeni hataelewa ujinga wenyewe. Mwanzo wa ule mlima wa Kingman kuna kibao cha barabarani, kikubwa, kinachowaomba watu wazime kiyoyozi wanapopanda, injini zisichemke. Mtu mwenye akili anazima, anashusha kioo, anatoa jasho mpaka juu. Wanaume wetu wamekigeuza kibao kile kuwa mtihani wa uanaume. Nani alipanda na kiyoyozi kimewaka, nani alizima. Aliyezima anapewa maji ya barafu mezani kwa heshima za kejeli, anaitwa bibi, na wiki nzima hanywi kahawa kwa amani. Wanaume wazima hawa, wenye mvi na bima ya uzee. Na kiongozi wao ni mtu mmoja anayeitwa Skeet, ambaye hajavuta kitu kizito tangu alipoachana na mkewe.

Skeet alikuwa amemwambia Royce mbele ya watu kwamba feni zake ni za kukaushia nywele. Royce aliapa atapanda mlima mwezi Julai, trela nyuma, kiyoyozi kimewaka mpaka kileleni, na atarekodi video. Nilidhani ni maneno ya kahawa. Sikujua kwamba alikuwa anasubiri tu safari.

Safari ikaja yenyewe. Asubuhi moja Juniper alikataa kula. Alikuwa anageuza shingo kutazama ubavu wake, anakwaruza ardhi kwa kwato, analala, anainuka, analala tena. Kila mwenye farasi anaujua ugonjwa huo wa tumbo, na anajua kwamba mara nyingine unapita kwa dawa na matembezi, na mara nyingine utumbo umejisokota na kila dakika ina thamani. Daktari wa wanyama wa bondeni alikuwa safarini. Daktari Begaye wa Kingman alisema kwa simu, "Mleteni sasa hivi. Nitaandaa kila kitu. Msisimame njiani, trela likisimama kwenye joto hili litamwoka."

Gari langu ni dogo, haliwezi kuvuta hata baiskeli. Kwa hiyo ilikuwa pikapu.

Tulibanana watatu kwenye kiti kimoja, Royce kwenye usukani, Corliss katikati, mimi dirishani. Kabla hatujaondoka Royce alishuka. Nilifikiri anaangalia kamba za trela. Alirudi na kishikio cha simu, akakibandika kwenye dashibodi, akaielekeza simu kwenye geji ya joto na kitufe cha kiyoyozi.

"Unafanya nini?" Corliss akamuuliza.

"Hakuna cha maana, mpenzi. Kumbukumbu tu."

"Royce, twende."

"Tunakwenda. Kuna ubaya gani tukienda huku tunarekodi?"

Tulipita kile kibao. Royce alikiashiria kwa kidole, kwa ajili ya video, akacheka. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza mpaka magoti yangu yanauma kwa baridi. Nyuma yetu, ndani ya trela la bati tupu, alikuwemo mgonjwa.

Mwanzoni mshale wa joto ulikaa katikati, na Royce akaanza kuhutubia. Aliieleza simu yake habari za nguvu ya injini iliyookolewa. Kisha ukaanza mlima wenyewe, sauti ya injini ikazama, na mshale ukaondoka katikati.

Hapo ndipo Juniper alipoanza kupiga teke. Gu. Kimya. Gu, gu. Unalisikia kwenye kiti, linapitia kwenye chuma cha trela mpaka mgongoni mwako. Maumivu yalikuwa yamempata.

"Anapiga teke," Corliss akasema.

"Shh. Narekodi."

"Royce, anaumia. Na mshale unapanda. Zima kiyoyozi."

"Geji ya zamani hiyo, inadanganya. Siku zote ilikuwa inadanganya."

"Haikuwahi kudanganya kwa baba," nikasema. "Zima, wewe mtu. Washa hita, tushushe vioo, twende polepole lakini twende."

Kila mtu wa jangwani anajua hilo: injini ikielemewa unawasha hita yote, joto la injini liingie ndani mlikokaa nyinyi badala ya kubaki kwenye injini. Unapikika, lakini unafika. Royce anajua. Mama yake alimfundisha kuendesha kwenye mlima ule ule.

"Bado kidogo tu kileleni," akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kubembeleza. "Kona mbili tu. Corliss, kona mbili. Nikizima sasa Skeet atanila mzima."

Gu. Gu, gu, gu.

Nilimtazama. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile yote. Aliuona mshale vizuri kuliko sisi, mbele yake pale, na bado mkono wake haukwenda kwenye kile kitufe. Nimewahi kuwadharau watu wengi maishani mwangu, nina kipaji hicho, lakini sikuwahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau Royce kwenye kona ile.

Kisha mateke yakakoma.

Corliss alisubiri jingine. Nilimsikia anasubiri, hakupumua. Halikuja. Akanyoosha mkono, akakizima kiyoyozi kwa kofi, akasukuma hita mpaka mwisho.

"Umeniharibia!" Royce akapiga kelele. "Umeniharibia video yote!"

 Mvuke ulikuwa umeshaanza kutoka pembeni mwa boneti, harufu ya utamu wa maji ya rejeta ikajaa ndani, na injini ikaanza kukosa nguvu. Tulijiburuta mpaka kwenye sehemu pana ya kando ya barabara, na pikapu ikanyamaza kabla haijasimama vizuri.

Corliss alikuwa tayari nje. Alinipita mimi, sijui alipitaje. Nilipofika nyuma alikuwa ndani ya trela, amepiga magoti. Juniper alikuwa amelala, shingo imepindia ukutani, ubavu unapanda na kushuka haraka haraka. Bati lilikuwa haligusiki. Tulimmwagia maji yetu yote ya kunywa, kichwani na shingoni, tukafungua kila kinachofunguka. Upepo hakuna. Malori makubwa yalikuwa yanatupita kupanda mlima, feni zao zinanguruma, moja baada ya jingine, wala hayahangaiki.

Royce alifungua boneti akaibonyeza feni moja kwa kijiti. Haikuzunguka. Plastiki zilikuwa zimelainika, feni imening'inia upande mmoja, imekula waya wake yenyewe.

"Ni fyuzi tu," akatutangazia. "Ni kafyuzi. Kakipatikana hapa tunaondoka."

"Royce," nikamwambia, "ukisema neno jingine lolote nitakufungia ndani ya trela na kumvisha farasi kofia yako."

Mwanamke mmoja mwenye pikapu kubwa ya dizeli ndiye aliyesimama. Hakuuliza maswali, aliona trela na akaanza kurudi kinyumenyume. Tulihamisha trela tukalifunga kwenye gari lake. Corliss akakataa kukaa mbele, sheria au sio sheria, akabaki nyuma na Juniper, kichwa chake mapajani. Mimi nilipanda na yule mwanamke. Royce alibaki kuilinda pikapu. Alitupungia mkono.

Daktari Begaye alikuwa amesimama nje anatungoja, mikono ameshaiosha. Aliingia ndani ya trela, akasikiliza, akagusa fizi, akafunua kope. Alimaliza haraka mno.

"Huenda utumbo ulikuwa umejisokota tangu nyumbani," alisema. Ni mtu mwaminifu, hasemi zaidi ya anachokijua. "Pengine nisingeweza kumwokoa. Lakini mngefika mapema ningekuwa na kitu cha kujaribu. Sasa joto limemmaliza. Kilichobaki ni kumlaza kwa sindano, asiumie."

Corliss aliitikia kwa kichwa. Alimshika kidevu, akakiweka begani kwake, mahali pake pa siku zote, akamwambia maneno ambayo mimi nilitoka nje nisiyasikie. Nililia kwenye maegesho ya magari kama mtoto, nimejifunika uso kwa kofia.

Pikapu ilivutwa nyumbani kesho yake. Royce alikuwa mpole, alikuwa anabeba vitu ambavyo havikuhitaji kubebwa. Alisema pole. Alisema ajali ni ajali. Alisema hata kwa feni ya mzee injini ingechemka kwa joto la siku ile, na aliposema hivyo Corliss alikuwa anakunja blanketi la Juniper, akaendelea kulikunja. Hakumgombeza. Nilikasirika naye pia, kusema kweli. Nilimwambia, "Wewe una damu ya namna gani?" Akaniambia, "Dada, nimechoka. Feni nilichagua mimi." Na nilijua kwamba atambeba Royce na hilo pia, kama alivyobeba bomba na mlango.

Jumapili tulikaa mezani baada ya kanisa, mimi na yeye, tunamenya maharage mabichi. Royce alikuwa barazani anaongea na mtu kwa simu ya nyumbani, anacheka kidogo kidogo kwa adabu, kama mtu aliyefiwa anavyopaswa kucheka. Simu yake ya mkononi alikuwa ameiacha mezani karibu na bakuli, nayo ilikuwa inalia kila baada ya muda, tii, tii. Corliss aliichukua ili aizime.

Hakuizima. Aliitazama. Kisha nikasikia sauti ya Royce ikitoka humo ndani, inahutubia habari za nguvu ya injini.

Alikuwa ameiweka video mtandaoni, hadharani. Aliikata vizuri, akaacha sehemu ambayo mshale uko juu lakini haujafika kwenye nyekundu, akamtoa Corliss, akautoa mkono wake. Ilikuwa imewekwa siku ile ile, saa zile tulipomwacha kando ya barabara na sisi tukaenda Kingman na trela. Juu yake ameandika: *Mlima wa Kingman, Julai, trela nyuma, kiyoyozi kimewaka. Mlisema feni za kukaushia nywele. Semeni tena.*

Chini yake watu walikuwa wamejaa. Skeet aliandika kwamba amevua kofia, amekubali, kahawa ya mwezi mzima juu yake. Wengine walitaka kujua feni zilikonunuliwa.

Corliss alikuwa anashusha kwa kidole gumba, polepole. Kisha kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti, bila kupandisha wala kushusha, kama anavyosoma matangazo ya kanisa.

"Mtu mmoja anauliza: 'Nasikia kitu kinagonga humo. Gu, gu. Isije ikawa beringi za injini, kaka, angalia.'"

Niliacha maharage.

"Royce amemjibu," akasema. "'Wala si injini. Ni kitu cha nyuma tu kilikuwa kinasumbua. Kimeshatulia.'"

Mlango wa baraza ukafunguka, Royce akaingia na tabasamu lake la msiba, akaiona simu mkononi mwa mkewe. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaondoka.

"Kitu gani, Royce?" Corliss akamuuliza.

"Mpenzi, pale watu wanaongea tu mambo ya magari..."

"Nimekuuliza. Kitu gani kilichokuwa kinasumbua?"

  Yule mwenye jibu la kila bomba na kila mlango akatazama maharage. Akanitazama mimi, mimi! kana kwamba ningemsaidia.

Corliss aliiweka simu mezani, skrini juu, akanawa mikono, akaifuta kwenye taulo.

"Dada," akasema, "lile sanduku lako kubwa bado unalo?"

Nilikuwa nimeshasimama. Nilizikunja nguo zote za Royce mwenyewe, shati kwa shati, soksi kwa soksi, na sijawahi kukunja nguo za mtu kwa uangalifu namna ile.